Walinzi Waliodhaniwa Wezi

Sisi tunaopenda maneno huwa tunapita haraka tukikutana na jina la ugonjwa. Refu, la kigeni, la madaktari, basi. Lakini kuna jina moja la mwaka 1921 ambalo kila nikikutana nalo nasimama, kwa sababu ndani yake mna kosa la usomaji lililodumu nusu karne, na wala halikuwa kosa la kijinga. Jina lenyewe ni limfoepithelioma. Ukilivunja unapata vitu viwili: limfosaiti, yaani zile seli nyeupe za damu zinazolinda mwili, na epithelio, ule utando laini uliotandikwa ndani ya pua na koo. Uvimbe mmoja, viumbe wawili. Mwizi na mlinzi wameandikwa kwenye hati moja kana kwamba ni ndugu.

Uvimbe huo hukaa mahali ambapo hata daktari hapaoni kirahisi: nyuma kabisa ya pua, pale pua inapokutana na koo. Kila upande kuna kishimo kidogo, jirani na mlango wa mrija unaoelekea sikioni, nacho kimepewa jina la mwanaanatomia Mjerumani, Johann Christian Rosenmüller. Saratani ya nyuma ya pua hupenda kuanzia humo, na inaweza kukua bila mwenyewe kujua. Baadaye sikio moja linaziba kama la mtu aliyetoka kuogelea. Damu kidogo inaonekana kwenye kamasi. Halafu shingoni inatokea tezi isiyouma, na mara nyingi tezi hiyo ndiyo inayompeleka mtu hospitali. Kwetu, tezi ya shingo isiyouma hushukiwa kwanza kuwa kifua kikuu, na miezi inapita.

Sehemu nyingi za dunia ugonjwa huu ni adimu. Kusini mwa China, hasa Guangdong na Hong Kong, si adimu hata kidogo. Mwaka 2020 ulimwenguni kote walikadiriwa wagonjwa wapya wapatao 133,000, wengi wao Asia ya Mashariki na Kusini Mashariki. Afrika Kaskazini iko katikati. Na Kenya imo katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyofahamu, kama tutakavyoona.

Turudi 1921. Claudius Regaud alikuwa Paris, kwenye Taasisi ya Radiumu, akiongoza maabara ya biolojia huku Marie Curie akiongoza ile ya fizikia. Kazi ya Regaud ilikuwa kuelewa mionzi inavyoua seli. Yeye na mwenzake Reverchon wakaandika habari za uvimbe wa ajabu. Mwaka uleule, Mjerumani Alexander Schmincke akaandika habari za uvimbe wa namna hiyohiyo bila kujua ya wenzake. Walichokiona wote ni hiki: ukichukua kinyama cha uvimbe, ukakikata chembamba kuliko karatasi, ukakipaka rangi na kukiweka chini ya hadubini, unaona seli kubwa zilizopauka, mipaka yake haieleweki vizuri, na katikati yake vidoti vidogo vyeusi kwa maelfu. Vidoti ndivyo limfosaiti. Kwa Regaud seli kubwa zilikaa kwa mafungu, kama visiwa ndani ya bahari ya vidoti. Kwa Schmincke zilitawanyika mojamoja, kama chumvi iliyokwisha kukorogwa. Hadi leo wasomaji wa vinyama wanasema "aina ya Regaud" na "aina ya Schmincke", ingawa kwa mgonjwa tofauti hiyo haina maana kubwa.

Sasa jiweke mahali pao. Vidoti ni vingi kiasi kwamba pengine vinazidi seli kubwa. Zaidi ya hapo, uvimbe huu unayeyuka haraka ukipigwa mionzi, na seli nyingine zilizojulikana kuwa dhaifu sana mbele ya mionzi zilikuwa ni limfosaiti hizohizo. Kila dalili ilielekeza upande mmoja. Ungewalaumu kwa kusema kwamba vidoti ni sehemu ya uvimbe? Mimi siwalaumu. Mtu akikuta watu mia nyumbani kwa mwizi usiku wa manane, hatafikiria kwanza kwamba tisini ni polisi.

Jina likakaa. Likaingia vitabuni, wanafunzi wakalikariri, na swali la vidoti vile vilifuata nini pale likafa kimya kimya. Jina zuri lina ubaya huo: linajibu kabla hujauliza.

Swali lilifufuliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Miaka ya 1950 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa akiwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na kijana mmoja aliyeitwa Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoleta saratani, alikuwa amekaa akisikiliza. Vinyama vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester, na kilipofika maabara maji ya chupa yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angemwaga akidhani yameoza. Epstein akayatazama: kumbe uchafu ule ulikuwa seli za uvimbe zilizo hai, zinaelea. Kutokana na seli hizo yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza mwaka 1964 kirusi kipya. Tunakiita Epstein-Barr. Achong, kwa sababu zisizonipendeza, hakuingia kwenye jina. Majina tena.

Nairobi inaingia hapa. Kwenye hospitali iliyokuwa ikiitwa King George VI, ambayo baada ya uhuru ikawa Kenyatta, alikuwepo daktari wa masikio, pua na koo aliyeitwa Peter Clifford. Yeye alikuwa na watoto wa uvimbe wa taya, lakini kwa kazi yake alikuwa pia na watu wazima wenye saratani ya nyuma ya pua. Alikuwa akiandika habari zao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliona wagonjwa wengi wanatoka nyanda za juu, na akaanza kushuku moshi: nyumba za baridi, moto katikati, dirisha hakuna, watu wanavuta moshi tangu utotoni. Hong Kong nako daktari John Ho alikuwa akiwatazama wavuvi waishio kwenye mashua, ambao walipata ugonjwa huu kuliko majirani zao wa nchi kavu, akashuku samaki wa chumvi wanaolishwa watoto tangu wanapoachishwa ziwa. Samaki wa chumvi wa Kichina baadaye aliwekwa rasmi na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa Clifford haukupata ushahidi wa uzito huo, ila wazo lake si la kutupwa.

Clifford alituma damu New York, kwa Lloyd Old na wenzake waliotaka kujua kama watoto wa uvimbe wa taya wana kingamwili dhidi ya kile kirusi kipya. Kwenye mzigo kulikuwa pia na damu ya wagonjwa wake wengine, wa nyuma ya pua, iwe kipimo cha kulinganishia. Damu ya kulinganishia, kwa kawaida, inatakiwa inyamaze. Hii haikunyamaza. Watu wazima wa Nairobi wenye saratani ya nyuma ya pua walikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi kile sawa na watoto wa taya. Makala ilitoka 1966, na jina la Clifford limo miongoni mwa waandishi.

Miaka minne baadaye, Harald zur Hausen, aliyekuwa Würzburg, alitafuta vinasaba vya kirusi ndani ya vinyama vyenyewe badala ya damu. Akavikuta kwenye uvimbe wa taya na akavikuta pia kwenye uvimbe wa nyuma ya pua. Makala ya 1970 ina waandishi kutoka Ujerumani, Stockholm na Philadelphia. Clifford yumo tena. Zur Hausen ndiye aliyekuja kupata Nobeli 2008 kwa virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na wengi wanamjua kwa hilo tu.

Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Kingamwili zile zilitoka kwenye mikono ya watu. Vinyama vilitoka nyuma ya pua za watu, na wakati ule kukitoa kinyama pale haikuwa shughuli ndogo. Majina yao hayamo kwenye makala, na ndivyo siri ya hospitali inavyotaka. Lakini hata lugha waliyozungumza, kijiji walichotoka, kilichowapata baadaye, vyote vimebaki kuwa namba kwenye jedwali. Historia ya kirusi hiki kwa kawaida husimuliwa kuanzia London. Ningependa siku moja mtu aiandike kuanzia wodini Nairobi.

Kugunduliwa kwa kirusi hakukumaliza kosa la 1921. Kwanza kulilizidisha. Kwa kuwa Epstein-Barr alijulikana kuwa kirusi kinachoishi ndani ya limfosaiti, jibu lilionekana jepesi: uvimbe umejaa limfosaiti, limfosaiti zimebeba kirusi, basi kirusi kimekuja kama abiria ndani yao, na saratani yenyewe haihusiki. Hoja safi kabisa. Ilivunjwa na panya.

Kuna panya wa maabara wasio na manyoya ambao pia wamezaliwa bila ile tezi ya kifuani inayolea seli T. Kwa hiyo mwili wao haukatai nyama ya kigeni. Ukipandikiza uvimbe wa binadamu ndani ya panya huyo, seli za saratani zinaendelea kuzaana, ila limfosaiti za binadamu zilizokuja nazo zinakufa na kutoweka. George Klein wa Stockholm na wenzake walifanya hivyo, wakapima kilichobaki, na mwaka 1974 wakaripoti: kirusi bado kimo. Zur Hausen na wenzake walikuwa wameshafika kwenye jibu hilohilo 1973 kwa njia nyingine. Kirusi kilikuwa ndani ya zile seli kubwa zilizopauka. Vidoti vyeusi havikuwa na hatia.

Kwa hiyo mwizi ni mmoja, na wale mia waliomzunguka kweli walikuwa polisi. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani, kwa uongozi wa Kanagaratnam Shanmugaratnam wa Singapore, liliupanga upya ugonjwa huu katika aina chache zinazotajwa kwa sura ya seli za saratani peke yake. Limfu ikaondolewa kwenye jina. Hapo nacheka kidogo, kwa sababu ni wakati uleule zilipotolewa kwenye jina ndipo zilipoanza kuwa swali lenyewe. Kama ni walinzi, na wamejaa hivi, mbona hawamkamati?

Jibu la kwanza lilihusu kujificha. Kila seli ya mwili ina kitu kama kibao mlangoni: inabandika nje vipande vya protini zilizomo ndani ili seli T zipite zikisoma. Kirusi kikiingia, vipande vyake vinaonekana kwenye kibao, na seli inauawa. Vibao hivyo havifanani kwa watu wote. Tunarithi aina zake. Miaka ya 1970 Malcolm Simons, akifanya kazi Singapore, alionyesha kwamba baadhi ya aina hizo zinaambatana na saratani hii kwa Wachina. Yaani kuna watu ambao vibao vyao, pengine, havionyeshi kirusi hiki vizuri. Tangu hapo utafiti wa vinasaba umerudi mara nyingi kwenye kona hiyohiyo.

Na kirusi nacho ni mjanja. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, wewe na mimi tukiwemo kwa uwezekano mkubwa, na kinakaa kimya maisha yote. Ndani ya saratani kinatoa protini chache tu. Moja inaitwa EBNA1, na bila hiyo kirusi kinapotea seli inapogawanyika, kwa hiyo haiwezi kuachwa. Mwaka 1995 kundi la Stockholm lilionyesha kwamba EBNA1 ina kipande kirefu cha kurudiarudia ambacho kinaizuia isikatwekatwe na kubandikwa kwenye kibao. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hata ukiikung'uta nguo haanguki.

Lakini kujificha hakutoshi kueleza ule umati. Aliyejificha vizuri hapati wageni. Kilichokuja kueleweka polepole, na kwangu ndicho kiini cha historia yote hii, ni kwamba uvimbe unawaita walinzi wenyewe. Protini nyingine ya kirusi, LMP1, inaiga swichi ambayo seli za kinga hutumia kuamshana, tofauti yake ni kwamba yenyewe haizimiki. Seli ya saratani yenye swichi hiyo inamwaga nje kemikali za kuita limfosaiti, nazo zinakuja. Zikifika, zinajaribu kazi yake: zinatoa kemikali ya kupiga mbiu, interferoni gama. Seli za saratani zikiisikia mbiu hiyo, pamoja na msukumo wa LMP1, zinainua juu ya ngozi yao protini iitwayo PD-L1. Protini hii ikigusana na PD-1 iliyo kwenye seli T, seli T inatulia. Kwa kawaida mfumo huo upo ili walinzi wasichome nyumba wakimsaka panya. Hapa unatumika kumlinda panya. Kelele za mlinzi ndizo zinazofunga mlango.

Siku hizi watafiti wa China wanaweza kusoma kinyama seli mojamoja, kila moja inatumia vinasaba gani. Wamekuta kwamba umati ule wa 1921 si wa aina moja. Wamo seli T waliochoka, na hilo ndilo neno la kitaalamu: wameona adui muda mrefu mno, wamebaki na alama za vita bila nguvu ya kupiga. Wamo seli T wa kutuliza, ambao kazi yao halali ni kuzuia wenzao wasipitilize. Wamo wengine ambao kemikali zao zinaufaa uvimbe. Nafikiri ndiyo maana sitiari yetu ya askari wa mwili, tuliyoizoea tangu mabango ya UKIMWI, inaanza kukatika hapa. Askari anapigana au anakimbia. Hawa wamekaa, wanalishwa na kulisha, kama mtaa mzima uliojengeka kuzunguka kitu ambacho hakuna anayekitaja. Hata maabara inashuhudia: ukizichukua seli hizi za saratani ukaziweka peke yake kwenye chupa, ni taabu kubwa kuzikuza, na zikikubali kukua mara nyingi zinapoteza kirusi.

Mawazo haya yamezaa dawa. PD-1 iligunduliwa Japani na maabara ya Tasuku Honjo mwaka 1992, naye akapata Nobeli 2018 pamoja na James Allison. Dawa za kuizuia zilipojaribiwa kwa saratani hii peke yake, matokeo yalikuwa ya kupanda na kushuka. Zilipounganishwa na tiba ya kemikali kwa wagonjwa ambao ugonjwa umerudi au umesambaa, mambo yakabadilika. Dawa ya Kichina, toripalimabu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 289, na muda wa kati ambao ugonjwa ulikaa bila kusonga mbele ulikuwa zaidi ya miezi 21, dhidi ya miezi 8 hivi kwa waliopata tiba ya kemikali bila hiyo. Oktoba 2023 Marekani ikaikubali. Haikugundua walinzi wapya. Iliwaondolea tu mkono begani wale waliokuwepo tangu picha ya Regaud.

Hong Kong walikwenda njia nyingine: kumkamata mapema. Dennis Lo na wenzake walitumia vinasaba vya kirusi vinavyoelea kwenye damu, wakawapima wanaume 20,174 wasio na dalili yoyote. Matokeo ya 2017: waligundua wagonjwa 34 kwa kipimo hicho, na kama saba katika kila kumi walikuwa hatua ya kwanza au ya pili, wakati ambapo mionzi huponya wengi. Bila kipimo, hali ya kawaida ya huko ilikuwa wawili katika kumi. Ukiifikiria ile tezi ya shingo ya mtu wa nyanda za juu, hesabu hiyo inauma.

Kisha kuna jaribio ambalo halizungumzwi sana kwa kuwa lilishindwa. Wazo lilikuwa zuri mno: chukua damu ya mgonjwa, tenga seli zake T, zifundishe maabara kumtambua kirusi, zizidishe, halafu mrudishie mwenyewe. Askari wa nyumbani, wamepigwa msasa. Wagonjwa 330 wa Singapore, Malaysia, Taiwani, Thailand na Marekani waliingia, nusu wapate tiba ya kemikali peke yake, nusu waongezewe seli zilizofundishwa. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa kama miezi 25 kwa kundi la kwanza. Kwa kundi la pili, kama miezi 25. Zile seli zilikuwa zinafanya kazi vizuri kwenye chupa.